Karatasi ya Binti wa Ruwais

Mpaka leo nikiona picha ya simba aliyevaa miwani ya jua, damu inanichemka. Nyuma ya picha hiyo ndipo alipojificha jamaa mmoja kwenye kundi letu la mtandaoni, la Waafrika Mashariki tunaofanya kazi Saudia. Jina hana, kazi yake hatuijui, ila mtu akiuliza jambo tu, yeye yupo na kejeli zake.

Miaka ile mambo yalikuwa yakibadilika kila kukicha. Mimi, nesi wa Riyadh, nilikuwa nimeshaanza kuendesha gari mwenyewe, jambo ambalo zamani wanawake tulikatazwa. Lakini mabadiliko hayakuingia kila nyumba. Binti mmoja Mkenya, mfanyakazi wa ndani huko Ruwais, Jeddah, alikuwa akipewa simu yake Ijumaa tu baada ya chakula cha mchana. Ikiadhiniwa Alasiri, madam anaichukua.

Ijumaa moja akatuma picha ya karatasi ya Kiarabu, na ujumbe wa sauti: "Wadau, nisaidieni kusoma hii. Madam anasema ni ya kurudi nyumbani, eti nisaini kesho. Niko na simu mpaka Asr tu."

Simba hakuchelewa. "Si ulikuwa unatuonyesha picha za mall? Kumbe hata kusoma imekushinda!" Akamwaga vikatuni vya kucheka, na wengine, aibu yao, wakacheka naye.

Mimi Kiarabu nakisoma. Nilikichapiwa fimbo kwenye chuo cha Kurani Zanzibar, na hospitalini nakisoma kila siku. Ilikuwa nifungue ile picha, basi. Badala yake nikamtolea uvivu yule simba. Nikamwambia hana haya, hana utu, na mama yake angemsoma angejifunika uso. Akajibu, nikajibu. Watu wakanichochea: "Mpe vidonge vyake, dada!" Nikanogewa. Karatasi ya binti ikazidi kupanda juu, hakuna aliyeitazama.

Alasiri ikaadhiniwa kwetu Riyadh. Nikajiambia Jeddah bado, jua lao linachelewa kidogo, wacha kwanza nimalizane na huyu. Nikaandika tena, na tena, mpaka simba akanyamaza. Watu wakanipigia makofi ya vikatuni.

Hapo ndipo nilipoifungua karatasi. Ulikuwa mkataba wa miaka miwili mingine. Hapakuwa na neno hata moja la kurudi nyumbani.

"Usisaini, mdogo wangu!" nikamwandikia. Tiki moja tu, ujumbe haukumfikia. Nikapiga, simu imezimwa. Nyumba yenyewe hakuna aliyeijua, na mimi niko Riyadh. Jumamosi nzima niligombana na kila mtu kazini, na aliyestahili kugombezwa ni mimi.

Simba bado yumo kundini. Msimamizi alisema eti ni utani tu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, binti akanijibu. "Nilisaini, dada. Vile niliona mnacheka, nikajua ni kitu ndogo."