Dobi na Jezi Namba Mbili

Wivu wa Dobi haukuanzia uwanjani. Ulianzia jikoni kwa mama yake, Jumapili moja mchana, alipomkuta mama amekaa kwenye kigoda, mswaki mkuukuu mkononi, anasugua tope kwenye viatu vya raga. Viatu vyenyewe si vya Dobi. Vilikuwa vya wifi yake, mke wa kaka yake.

Kwa miaka kumi na mmoja Dobi alikuwa akirudi nyumba hiyo hiyo na viatu vyenye tope, na kwa miaka hiyo yote mama alikuwa na neno moja tu: "Viache nje."

"Leo umekuwa fundi viatu, mama?"

"Mwenzio kachoka, kalala," mama akajibu bila kuinua macho. "Punguza sauti."

Dobi akapunguza sauti. Moyo ndio uliopandisha ya kwake.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, dobi wa hospitali, na jina la kazi lilikuwa limemganda mpaka uwanjani. Alifanya kazi chini ya ardhi, kwenye chumba chenye mashine nne za kufulia na pasi moja ya mvuke iliyokoroma kama mzee mwenye mafua. Kutoka mdomo wa mashine hadi kwenye kitoroli ni hatua sita, na Dobi alikuwa mvivu wa kutembea. Alizikunja shuka mbichi, akazisokota ziwe kama mkate mrefu, akazirusha. Alizirusha mara mia kwa siku, miaka nenda miaka rudi, mpaka mikono yake ikajua umbali kuliko macho.

Uvivu huo ndio uliompeleka kwenye timu ya taifa. Katika raga, mpira ukitoka nje, mwenye jezi namba mbili husimama pembeni akaurudisha kwa kuurusha juu, katikati ya safu mbili za wachezaji, na warefu hunyanyuliwa na wenzao waudake hewani. Mrushaji lazima ajue nani atanyanyuliwa, na wapinzani lazima wasijue. Kwa hiyo kila timu ina maneno yake ya siri. Ya timu yao aliyatunga Dobi, akiwa kazini. Shuka ni mrefu wa mbele, foronya ni wa kati, blanketi ni wa nyuma. Yanatajwa mawili: la kwanza la kuzuga, la pili la kweli. "Foronya, shuka!" angepaza, na wapinzani wangebaki wanatazamana kama wageni waliokosea nyumba.

Timu yenyewe ilikuwa kikosi cha pili cha wanawake, cha wale ambao kikosi cha kwanza hakijawaita. Watu waliwaita gurudumu la akiba. Lakini gurudumu hilo lilikuwa na ubingwa wake wa bara, na mwaka huu fainali zilikuwa zinachezwa kwao, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwa mama. Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanjani, alikuwa tayari ameshonewa gauni.

"Nataka nimwone mkwe wangu akirusha," alisema.

Na mkwe alikuwa akirusha kweli. Alipoolewa miaka mitatu nyuma, alikuwa msichana wa kukaa dirishani na kupiga miayo, na Dobi mwenyewe ndiye aliyemhurumia. "Twende ukakimbie, wifi, usije ukaota mizizi." Akamfunza uani kwa taulo zilizosokotwa, jioni baada ya jioni. Alimfundisha kulenga, asijue kwamba shabaha ni yeye. Wifi alikuwa na miaka ishirini na minne na mapafu ya farasi. Ubingwa ulipokaribia, kocha alimpa namba mbili. Dobi akapewa kumi na sita, na kumi na sita ni namba ya benchi.

Kutoka benchini aliona mengi. Aliona wifi akipaza sauti, "Shuka, foronya!" kwa maneno aliyoyazaa yeye Dobi kwenye mvuke na jasho. Hata ulimi wangu amevaa, aliwaza. Kisha, mechi ya kwanza, akaona jambo jingine. Kabla ya kurusha, wifi alifuta kiganja kwenye bukta. Kama anarusha mbele au kati, alifuta mara moja. Kama anarusha nyuma, kwenye blanketi, mbali, alifuta mara mbili.

Nitamwambia kesho, Dobi akasema moyoni. Kesho ikazaa kesho kutwa.

Kwenye nusu fainali wapinzani nao walikuwa wameona. Mipira minne ya blanketi ilidakwa na wao. Timu iliponea kwenye tundu la sindano, kwa pointi moja, na baada ya mechi kocha akamwita Dobi kando. Kocha alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na bado alizungumza kama mtu anayesubiri darasa linyamaze.

"Maneno yako yamevuja, Dobi. Tunayabadilisha. Tutatumia namba."

"Maneno hayana kosa, kocha."

"Basi kosa liko wapi?"

Hapo ndipo pa kusema. Ilikuwa sentensi fupi, ya mkono na bukta. Dobi aliisikia imefika kwenye meno. Akaimeza nusu.

"Liko kwenye mikono ya mrushaji," akasema.

Kocha akakata shauri. "Basi maneno yabaki. Fainali utaanza wewe."

Dobi hakusema uongo. Alijiambia hivyo njia nzima kurudi nyumbani, na mtu asemaye kweli huwa hana haja ya kujiambia mara nyingi hivyo.

Timu ilikuwa na desturi yake: anayevuliwa jezi huikabidhi kwa mkono wake kwa anayemrithi, wenzake wote wakitazama, ili kinyongo kiishie chumbani. Mchana wa fainali wifi alisimama katikati ya chumba cha kubadilishia nguo, namba mbili imekunjwa viganjani.

"Haya, wifi. Ni yako tangu zamani, mimi nilikuwa naipasha moto tu." Akajaribu kucheka. Kisha kwa sauti ya chini, "Ila niambie. Nakosea wapi? Usiku kucha nimejiuliza. Wewe ndiye uliyenifunza, wewe ndiye utakayejua."

Wenzao walikuwa wanatazama. Dobi akaipokea jezi.

"Ni siku tu, wifi," akasema. "Siku huwa hazifanani."

Alicheza vizuri, asidhulumiwe. Kila alipotupa jicho jukwaani aliliona gauni jipya la mama, na mara mbili aliona mama akinyoosha shingo kuelekea benchi, kumtafuta mkwe. Mikono haikumwangusha. Miguu ndiyo iliyomsaliti. Kufikia dakika ya sitini pumzi zilikuwa zinatoka kama za ile pasi ya kazini, na timu ilikuwa nyuma, kumi na tano kwa kumi na saba. Mwamuzi akaonyesha mpira wa kurusha, hatua chache tu kutoka mstari wa goli wa wapinzani. Kocha akainua mkono. Mabadiliko.

Wifi akaja mbio. Dobi akaenda kumpokea akitembea, na katika hatua hizo aliona yote kabla hayajatokea: wapinzani, ambao nusu fainali waliitazama toka jukwaani, wakitazama bukta ile, mpira ukidakwa, mama akijifunika uso kwa ncha ya gauni. Na baadaye mama akisema, afadhali ningekutazama wewe. Neno hilo alikuwa amelisubiri miaka kumi na mmoja. Lilikuwa karibu kiasi hicho.

Walipopishana akamshika wifi mkono.

"Ukirusha nyuma unafuta kiganja mara mbili. Wanakusoma hapo."

Wifi akamkodolea macho. Sekunde moja, labda mbili. Akaenda kwenye mstari wa pembeni.

Dobi alisimama pembeni, taulo shingoni, asiweze kuketi. Akamwona wifi akiinua mpira, akiushusha, akifuta kiganja kwenye bukta. Mara moja. Mara mbili.

Amesahau, Dobi akawaza.

"Blanketi, shuka!"

Wapinzani wote wakakimbilia nyuma, wakamnyanyua mrefu wao kwenye hewa tupu. Mpira ukaenda mbele, laini, kama shuka iendayo kitorolini. Wenzake wakaudaka, wakajikusanya wakasukuma, na rundo zima likaangukia ng'ambo ya mstari wa chaki. Trai, pointi tano. Ishirini kwa kumi na saba, na ikabaki hivyo hadi kipenga.

Kuufuta mkono kwa makusudi, ili kudanganya. Dobi mwenyewe asingewaza hilo katika miaka mingine kumi na mmoja. Furaha ilimpanda na wivu ukaifuata nyuma.

Mama alishuka uwanjani, akamkumbatia mkwe kwanza. Kisha akamshika Dobi shavu, akasema kajitahidi, akaenda kumtafuta mwanawe wa kiume apige picha. Wakabaki wawili.

"Ulijua tangu lini?" wifi akauliza.

"Mechi ya kwanza."

"Na leo nimekukabidhi jezi, nikakuuliza mbele ya watu."

"Uliniuliza."

Wifi akavua medali, akaufunga utepe wake kwenye vidole, akaufungua. Alikuwa halii wala hacheki.

"Yapo mengine? Ninayokosea, uliyoyaona ukanyamaza?"

Dobi akaangalia viatu vyake.

"Yapo mawili."

"Sema."

Dobi akavuta pumzi, akaanza na lile dogo.