Kuna Raia Getini

Mke wangu ni mkunga katika hospitali ya jeshi, lakini si askari. Jeshini kuna watu wa namna hiyo: wanapokea amri kama wenzao, wanakesha kama wenzao, ila cheo hawana, nyumba ya kambini hawana, na wakiumwa hawatibiwi palepale wanapotibu wengine. Wanaitwa raia. Nikimwomba chumvi mezani huitikia, "Ndiyo, afande," kisha ananikata jicho kana kwamba mimi ndiye niliyemchokoza.

Neno hilo la raia lilinikera siku zote. Nilipomwambia wanamtumia tu, alinijibu, "Baba watoto, kanuni ni kanuni. Wewe shona suruali zako."

Mchana mmoja binti yetu, mwenye mimba ya kwanza, alishikwa na uchungu akiwa kwetu. Chupa ilipasukia sebuleni. Hospitali ya mjini iko mbali, ile ya jeshi iko nyuma ya mtaa wetu. Nilimpigia mama yake, hapatikani, maana wodini simu haziruhusiwi. Nikamwingiza binti kwenye teksi ya jirani, nikasema liwalo na liwe.

Getini koplo mmoja mgeni alituzuia. Kabla sijamaliza kujieleza, alishainua simu ya upepo.

"Wodi ya wazazi, kuna raia ana uchungu hapa getini. Hana kitambulisho cha familia ya askari. Aingie?"

Jibu lilikuja upesi, bila kusitasita. "Raia hapokelewi. Aelekezwe hospitali ya mjini."

Binti akainua kichwa. "Baba, huyo si mama?"

Alikuwa yeye. Hasira ikanipanda hadi utosini.

"Mwambie ni mwanawe!" nilimfokea koplo. "Mwambie sasa hivi!"

Akamwambia. Binti akapiga ukelele, na dereva akaruka nje ya gari akishika kichwa. Ndipo nilipomwona mke wangu anakuja mbio, viatu mkononi.

"Lakini mama, umesema mwenyewe asiingie," koplo alisema, jasho likimtoka.

"Nimesema asiingie. Sijasema mimi nisitoke."

"Na zamu je?"

"Mwenzangu ameishika. Askari akitoroka zamu anafungwa. Mimi raia, watanifukuza tu. Shika huo mlango wa gari!"

Akapiga magoti kwenye changarawe.

"Mama, umenifukuza," binti alisema.

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe. Sukuma."

Mtoto alitoka kimya, rangi imemwiva kama zambarau. Mke wangu akamsugua mgongo, akamfuta pua, akamsugua tena. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Koplo alikuwa ameushika ule mlango kwa mikono miwili.

Kisha mtoto akalia, na akalia kwelikweli.

Simu ya upepo ikakoroma, safari hii kwa sauti ya mkubwa wao. "Geti, yule raia ameshaondoka?"

Koplo akachungulia ndani ya teksi.

"Hapana, afande. Wameongezeka."

Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Mke wangu hakucheka. Alikuwa amemfunika mjukuu kwa koti lake la kazi, na bado anasema nisamehe, kwa sauti ileile iliyotufukuza.