Mgomba Chini ya Mnara

Mimi ni fundi wa makaburi, na sioni haya kulisema. Kutoka Msata mpaka pwani, ukiona kaburi lililojengewa vizuri, pembe zimenyooka na chokaa haijabanduka, huenda ni kazi ya mikono yangu. Nimeshika mwiko zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuogopa kaburi. Kinachonitisha mpaka leo ni kazi moja ambayo haikutakiwa kuwa kaburi.

Vijana saba walitoka kijijini kwetu kwenda vita vya Kagera, nami nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Hawakurudi, wala miili yao haikuletwa. Kwa miaka mingi walikumbukwa kwa jiwe moja mbele ya shule, limepakwa chokaa na majina yameandikwa kwa rangi. Mvua ikiyafuta, mwalimu mkuu anayaandika upya. Kila mwalimu alikosea kidogo, mpaka ukoo mmoja ukalalamika kwamba mtu wao sasa ana jina la mtu wasiyemjua. Ndipo ikaundwa kamati, ujengwe mnara wa kudumu.

Mjumbe mmoja alikuja na picha kwenye simu: askari wa saruji ameshika bunduki. Shehe akasema sanamu haiwezekani, msikiti uko pale pale. Mwingine akataka nguzo ndefu yenye mwenge juu, lakini hakuna aliyejua mwenge wa saruji unajengwaje. Walibishana vikao vitatu. Mwisho mwenyekiti akanigeukia, akasema, "Fundi, tujengee kitu cha heshima. Wewe unajua."

Nilijua nini mimi? Nilijua kitu kimoja tu, nikakijenga.

Sikukusudia. Nilipiga kamba, nikajenga kuta nne fupi za mawe, urefu wake mashariki na magharibi. Upande wa mashariki, panapokaa kichwa, nilisimamisha ukuta mrefu wa kubandika bamba jeusi la majina lililochongwa kule Dunda. Katikati nilitaka kujaza kifusi, lakini lori la kutoka Lugoba halikufika na siku ya uzinduzi ilikuwa inakaribia. Basi nikaacha wazi ndani, nikafunika juu kwa zege. Nikapiga lipu, nikalainisha, nikaona kazi imependeza. Hata nikajisifu.

Alasiri alipita mwalimu wa sekondari, kijana Mkristo mwenyeji wa bara, bado mgeni kwetu. Alisimama, akavua kofia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu."

"Poleni sana. Kazikwa nani hapa?"

Nilicheka, nikamweleza. Naye akacheka, akaomba radhi, akaenda zake. Mimi nikabaki natazama. Kichwa mashariki, miguu magharibi, ubavu wa kulia chini, uso kibla. Nilikuwa nimejenga kaburi, tena zuri kuliko yote niliyowahi kujenga, na ndani hamkuwa na mtu.

Kwetu kaburi halilali tupu. Likichimbwa kwa makosa, au maiti akachukuliwa na ndugu kwenda kuzikwa kwingine, hukatwa shina la mgomba likazikwa badala yake, lipate cha kulala nacho. Ukiliacha tupu, litamtafuta mtu. Shehe anasema hayo hayamo katika dini, nami sibishani naye. Ila sijawahi kumwona hata yeye akiondoka penye shimo tupu kabla mgomba haujaingia.

Na hili lilijengwa kwa ajili ya askari, na kijiji kizima mwanajeshi alikuwa mmoja tu, mwanangu. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu apelekwe Kongo kulinda amani.

Sikumwambia mke wangu. Lakini asubuhi iliyofuata aliniletea chai kazini, akauzunguka mnara mara moja. Kisha akaweka chupa chini, akalala kifudifudi kwenye lile zege, akanyoosha mikono mpaka ukutani. Akainuka akijikung'uta vumbi.

"Umempima nani?"

"Sikumpima mtu. Mazoea tu."

"Mazoea yako futi sita. Hiki kimezidi." Akanigeukia. "Hapa kijijini nani mrefu hivi, baba watoto?"

Alikuwa anasema kweli. Mwanangu akiingia kwetu huinamisha kichwa mlangoni. Mkono wangu ulikuwa umeongeza bila kuniuliza. Nilitamani kubomoa kila kitu pale pale.

Tukampigia simu. Haipatikani. Tukapiga adhuhuri, tukapiga alasiri. Yule dada wa kwenye simu alituambia neno lile lile kwa sauti ile ile, mpaka nikamchukia. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Mke wangu aliacha kula. Mimi nilikuwa nakula, ila sikuonja kitu. Niliogopa pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na nyumba. Niliogopa mtu yeyote aliyevaa viatu vyeusi vya kijeshi.

Siku ya nne nikamwendea mwenyekiti, nikamwambia zege limepata ufa, lazima nilitoboe. Nilimdanganya, Mungu anisamehe. Nikarudi nyumbani, nikakata mgomba mmoja nyuma ya jiko, nikaulaza uani. Mke wangu alikuja na ile kamba ninayopimia maiti.

"Tuukate urefu gani?" akauliza.

Mgomba hukatwa kwa kimo cha mtu aliyekusudiwa. Yeye alilijua hilo, nami nililijua, na hakuna aliyethubutu kumtaja mtoto wetu. Alisimama na kamba mkononi, machozi yanamtoka, hajui kamba aiweke wapi. Nikavua viatu. Nikalala chini kando ya mgomba, chali, mikono ubavuni.

"Nipime mimi," nikamwambia.

Alinipima kuanzia utosini mpaka kisiginoni. Mkono wake uliponigusa mguu ulikuwa wa baridi. Nikaamka, nikaukata mgomba pale alipofunga fundo, tukaupeleka kwa mkokoteni umefunikwa kanga. Nikatoboa, nikauingiza, nikaulaza kwa ubavu kama inavyopasa, nikaziba na kulainisha mpaka alama isionekane.

Mnara ulizinduliwa. Majina saba yalisomwa, ikasomwa dua, na padri naye akawaombea wale wawili waliokuwa wa kwake. Mgeni rasmi aliweka shada, akasifu ubunifu wa fundi. Watu walinipigia makofi, nami nilitazama chini.

Siku mbili baadaye mwanangu akapiga simu. Mnara wa simu wa huko waliko ulikuwa umeharibika, akasema, na akauliza mbona mama analia. Alirudi salama mwisho wa mwaka. Nilimpeleka akaone kazi yangu. Aliyasoma majina yote saba, akauegemea ukuta, akasema, "Baba, hii kiboko." Nilimwambia atoke hapo.

Hajui kitu mpaka leo. Nami nimejipa moyo kwamba mambo yamekwisha, kwamba sisi ni watu wazima tuliotishwa na kazi ya saruji. Lakini wiki iliyopita amepata barua, anarudi Kongo. Nimeanza kuhesabu mvua zilizonyesha tangu tulipoziba lile tundu. Mgomba ni maji matupu, huoza upesi. Humo ndani sasa hakuna kitu.

Jana alasiri nilimkuta mke wangu nyuma ya jiko. Kamba yangu ilikuwa mkononi mwake, anaitazama migomba. Nilivua viatu, nikalala chini.