Gia Ndogo ya Nicanor

Mwaka wa tisini na sita zahanati yetu ya Sindo ilikuwa na gari moja tu la kupeleka wagonjwa Homa Bay. Lilikuwa refu, la kupita matopeni, na la otomatiki. Dereva wake, Nicanor, alieleza mpaka akachoka: halina klachi, hata mlisukume hadi Mbita haliwaki! Lakini kwetu gari likizima tu, wanaume washakunja mikono ya shati.

Kila Jumatatu aliliegesha mahali tambarare, akaacha injini ipate moto, akapitisha gia zote, ndipo akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi huku injini ikinguruma. Akaitazama, akainusa. Ikiwa nyekundu na haina harufu ya kuungua, alishinda akipiga mluzi. Watu walimcheka eti anaonja mchuzi.

Kisha akashikwa na tumbo, yeye mwenyewe. Kidole tumbo. Tukamlaza kiti cha nyuma, mimi nesi wake nikishika dripu, na usukani akapewa Gordon, dereva wa lori. Mvua ilikuwa imenyesha. Karibu na Rodi Kopany, Gordon akaingia mtoni kwa kasi, injini ikameza maji, ikazima.

Trekta ikapatikana. Wakafunga mnyororo.

"Gia ndogo!" Nicanor akapiga kelele. "Ile fupi, kando ya kubwa! Iweke katikati kwanza, iachanishe magurudumu na giaboksi, ama itaungua!"

"Homa hiyo," Gordon akasema. "Gari ni gari. Gia kubwa nimeweka free, iko free."

"Gordon, si umsikize? Gari ni lake!"

"Sista Leonida, wewe chunga mgonjwa, mimi nichunge gari."

Nilitamani kumzaba kofi, lakini mkono ulikuwa na dripu. Tukaburutwa hivyo hadi Homa Bay, magurudumu yakizungusha giaboksi ambayo injini iliyozima haikuweza kuisukumia oili. Nicanor aliomba mpaka sauti ikakauka. Harufu ya kuungua tuliisikia kabla hatujafika mjini.

Alipasuliwa, akapona. Siku ya kutoka alikwenda moja kwa moja uani mwa hospitali, gari lilikoachwa. Fundi alikuwa amekausha injini, ikawaka vizuri. Nicanor akaweka gia ya kwenda mbele, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma. Gari halikusogea hata kidogo. Akachomoa kijiti: oili nyeusi tititi.

"Lakini umepona, omera, ndugu yangu," Gordon akasema, na alisema kwa moyo safi, jambo lililoniudhi zaidi.

"Nimepona, ndiyo," Nicanor akajibu. "Wa kesho ataletwa na nini?"

Tukarudi Sindo kwa lori la samaki, likatushusha na kwenda zake. Kwenye lango la zahanati tulikuta mama mjamzito amelazwa kwenye machela ya magunia, uchungu umemzidi. Ndugu zake wakatukimbilia.

"Dereva yuko wapi?"

Nicanor akainua mkono. "Ni mimi," akasema, akabaki amesimama.