Kikao Kilichovunja Machela

Mwanangu, ipo siku moja ambayo naikumbuka hata nisipotaka kuikumbuka. Mvua za masika zikianza, kama zilivyoanza juzi, inarudi yenyewe, na mimi naacha jembe shambani narudi nyumbani kukaa. Ndugu zako hudhani ni mgongo. Mgongo unauma, sikatai, lakini si huo peke yake.

Nakusimulia leo kwa sababu ya maneno uliyoniletea juzi. Ulikuja, ukaniamkia vizuri kama nilivyokulea, ukanywa chai, kisha ukaniambia kwa furaha kwamba umechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, na kwamba Alhamisi mnakaa na serikali ya kijiji kufuta zamu za machela. Ukasema, "Mama, siku hizi unapiga simu tu, gari la wagonjwa linakuja. Wageni wa wilaya wakikuta watu wanabebana mabegani, tunaonekana tumebaki nyuma." Nikakupongeza kwa uenyekiti. Kuhusu machela nikanyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana jambo hili linamhusu dada yako.

Unajua kwamba kabla yako alikuwapo mtoto, na unajua kwamba alikufa. Hukuwahi kuuliza alikufaje, wala sikulaumu. Katika nyumba zetu hizi watoto waliotangulia hawazungumzwi sana.

Niliolewa hapa nikitokea Nyamigogo, kule Biharamulo, ambako miguu yangu haikuzoea milima kama hii ya Ngara. Baba yako alinicheka mwaka mzima kwa jinsi nilivyokuwa nikihema kutoka kisimani. Kitu kimoja nilichokikuta hapa na ambacho kwetu sikukiona kikiendeshwa kwa mpango namna hii ni machela. Ngobyi, ndivyo walivyoiita, na ndilo neno lilelile la ngozi ambayo mama humbebea mtoto mgongoni. Ilifumwa kwa matete na kamba, ikafungwa kwenye miti miwili mirefu, na ilining'inia chini ya paa la nyumba ya Mzee Bitaliho, aliyekuwa mkuu wa chama cha wabebaji katika kitongoji chetu.

Usidhani ilikuwa vurugu ya watu kukimbia ovyo. Kila nyumba ilijua wiki yake ya zamu. Wabebaji walipangwa wafupi kwa wafupi na warefu kwa warefu, ili mgonjwa asiyumbe. Baragumu likilia, wa zamu aliacha hata chakula mdomoni. Aliyekosa bila sababu alitozwa mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na rubisi hiyo ilinywewa na wote, mkosaji akiwamo, ndiyo maana hapakuwa na kinyongo. Wanawake walifuata nyuma na ndizi na maharage ya kumpikia mgonjwa huko hospitali. Hakuna aliyesoma utawala pale, lakini ule ulikuwa utawala.

Basi gari likaja. Liliwekwa kituo cha afya, mbali kule barabara kuu, na lilikuwa la tarafa nzima. Tulilishangilia, na lilistahili kushangiliwa. Zahanati ikapewa redio ya upepo ya kuliitia. Kisha kamati ikakaa, wanaume watupu, ikasema kwamba machela ni aibu na chama kivunjwe. Mzee Bitaliho aliuliza gari likienda kwingine itakuwaje. Kijana mmoja akamjibu kwamba wazee hawaishi kuogopa. Watu wakacheka, naye mzee akanyamaza mpaka kikao kikaisha. Miti ya machela ikaenda kujengea zizi la mbuzi, na kile kitanda cha matete mtu akakichukua akaanikia buni.

Mimi nami nilicheka niliposikia. Niliwaambia wanawake wenzangu kisimani kwamba sitabebwa kama mkungu wa ndizi za pombe, mimi nitapanda gari. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nami wakati huo mimba hata haijaanza kuonekana.

Siku yangu ilifika asubuhi, mvua ikinyesha ile ya kutulia, isiyo na haraka. Baba yako akanipeleka zahanati. Nesi, mwanamke mpole aitwaye Edita, alinipapasa tumbo, akanipapasa tena, nikaona uso wake umebadilika. Mtoto alikuwa amelala mkingamo. Akaniambia, "Dada, hapa hatutaweza, unatakiwa upasuaji hospitali." Akaenda kwenye redio akaita. Wakamjibu kwamba gari limesikia, linakuja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye ugonjwa wangu wa kila masika. Nilikuwa nimelala nikisikiliza. Uchungu ukija nausikiliza mwili, ukipoa nasikiliza barabara. Nikasikia mngurumo, kumbe ni mashine ya kusaga. Nikasikia mwingine, baba yako akatoka nje mbio, kumbe ni lori la mizigo linaloelekea Kabanga. Mtu mmoja akapiga kelele kutoka mlimani, "Gali linakuja! Gali hilo!" Wote wakasimama, hata mimi nikajiinua kwa kiwiko. Halikuja. Edita akaita tena kwenye redio. Safari hii wakamwambia gari lilikuwa limepeleka chanjo vijiji vya mbali, ndio kwanza linageuza. Halikuwa limepotea wala halikuwa limeegeshwa baa, mwanangu. Lilikuwa kazini, likiwahudumia watoto wa wenzetu.

Mtoto alikuwa akicheza bado. Kila alipocheza nilimwambia kimoyomoyo, vumilia, vumilia. Nilikuwa nimekwisha mchagulia jina. Hilo sitakutajia, ni langu na yeye.

Mchana ukapita, na baba yako akashindwa kungoja. Akatoka kutafuta wabebaji. Lakini atafute nani? Baragumu halikuwapo. Zamu haikuwapo. Wengine walikuwa wamekwenda Kabanga kuuza ndizi, wengine walifika mbio wakasimama mlangoni wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aseme la kufanya. Walikuwa watu wema, hakuna aliyekataa. Waling'oa mlango wa stoo, wakanilaza juu yake, wakanifunika turubai, tukaanza kushuka.

Mrefu alishika mbele na mfupi nyuma. Mlango ukainama, nikateleza, wakatua. Wakabadilishana, wakainua, hatua zao hazilingani, wakatua tena. Mmoja alikuwa akilia huku akibeba, nami nilikuwa namwonea huruma yeye. Tulilikuta gari bondeni, limezama kwenye tope karibu na daraja, dereva kavua viatu anasukuma peke yake. Wakanitua wakalisukuma. Wakati wanasukuma, mtoto aliacha kucheza. Nililijua hilo kabla ya daktari yeyote, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka waendelee kusukuma.

Hospitali waliniokoa mimi. Yeye walimtoa akiwa amekwisha kufa. Alikuwa msichana.

Niliporudi nyumbani watu walikuja kunipa pole, nyumba ikajaa. Kila aliyeketi alisema ni mpango wa Mungu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nami nilikuwa nikiitikia, kwa sababu mtu aliyefiwa hushika lolote analopewa. Wengine walimlaani dereva. Mzee Bitaliho alikuwa ameketi karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Ilipofika zamu yake ya kusema, akanitazama mimi kwanza.

"Binti yangu, unisamehe kwa nitakalosema nyumbani mwako." Kisha akawageukia wanaume. "Msimsingizie Mungu kazi ya kikao. Mungu hakuhudhuria kile kikao. Tulihudhuria sisi."

Mwenyekiti wa kamati, yuleyule aliyeongoza kikao kile, akasema kwa sauti ya chini kwamba dereva alichelewa. Mzee akamjibu, "Dereva hakujengea mbuzi zizi kwa miti ya machela. Gari ni jema, nani kasema baya? Lakini gari ni moja na tarafa ni kubwa. Mlipopata cha pili mkatupa cha kwanza, mkabaki na kimoja vilevile." Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanifanya nimheshimu kuliko wote niliowahi kuwajua. "Na mimi nilikuwapo. Waliponicheka nikanuna. Nilikuwa na la kusema nikalimeza kwa sababu ya hasira. Mwanamke huyu amelipia manuno yangu."

Baba yako alitoka nje. Mimi nililia siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu hospitali, na kilio kile kilinisaidia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba Mungu ananichukia.

Chama kikarudishwa. Machela ikafumwa upya, na safari hii walinikaribisha kikaoni nikawaambia mlango wa stoo una ubaya gani mtu akiwa amelala juu yake. Gari nalo likaendelea kuitwa. Wakapanga kwamba nesi akiita gari, baragumu linalia saa ileile. Wabebaji hawangoji jibu la redio, wanaanza kushuka na mgonjwa, wakutane na gari popote litakapofika. Ndivyo wewe ulivyozaliwa salama, mwanangu. Ulikutana na gari juu ya daraja.

Sasa unataka kufuta zamu hizo, nami silali. Najua simu si redio ya upepo. Najua barabara imechongwa, na gari la sasa lina oksijeni. Umesoma kunizidi, na takwimu zenu za wilayani mimi sizijui. Lakini daraja ni lilelile, na masika ni yaleyale. Mlima nao mtandao wa simu haujaupanda wote. Hapa kwangu penyewe nakupigia nikiwa nimesimama juu ya kichuguu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nasaha yangu ni hii. Ukiketi kwenye kiti kile usiulize tu mpango utafanyaje kazi siku njema. Uliza siku mbaya nani anainuka. Dereva akiugua, nani wa pili? Mafuta yakiisha, nani anajua kabla hayajaisha? Ufunguo wa stoo ya dawa ukiondoka na aliyekwenda semina, mwingine uko kwa nani? Maswali haya hayana sifa, na watakwambia unawachelewesha. Wacheleweshe. Na usifute kitu cha zamani mpaka kipya kimepita masika mazima bila kukwama. Aibu ya wageni wa wilaya ni ndogo, watalala hapa usiku mmoja waende zao.

Tena uwaite wenye matumbo makubwa. Kamati yenu ina wanawake siku hizi, nashukuru, lakini ni watu wazima kama mimi, tumekwisha kuzaa. Mwite binti mwenye mimba ya miezi mingi anayekaa kule juu kabisa, mwenye kuzungumza Kirundi kuliko Kiswahili, umpe kiti, umwulize yeye angetaka kubebwa na nini. Akitafuta maneno, mngoje. Na akiwapo mzee aliyenuna kwenye kona, usikubali afunge mdomo mpaka kikao kiishe. Mfuate, mwombe radhi kama ni lazima, umtoe lile neno. Mnyamavu naye hupitisha azimio.

Sikuamrishi. Wewe ni mwenyekiti, mimi ni mama tu, na kura yangu haipo Alhamisi. Nitakuwa hapa nikisikiliza barabara, kama nilivyozoea.

Wazazi wengine huwaombea watoto wao ujasiri. Mimi nakuombea woga, mwanangu, ule woga wa kutosha kumwamsha kiongozi akahesabu tena. Mungu akupe masikio makubwa kuliko kiti chako. Akupe wenzio wa kukubishia kwa upendo. Abariki mikono ya manesi, mabega ya vijana wetu na magurudumu ya lile gari. Na kila mwanamke atakayeshuka mlima huu akiwa na mtoto tumboni, Mungu amjalie aupande tena akiwa amembeba mgongoni.