Mbwa Mwitu na Wamama wa Shirika

Mimi napenda watoto waogope kidogo. Nasema wazi, maana jirani mmoja alishanigombeza kwamba hadithi zangu zinamfanya mwanawe achungulie chini ya kitanda. Achungulie tu. Hadithi isiyo na mtu wa kuliwa hainipi raha, wala haiwapi raha watoto wa jamaa yetu, ambao kila Jumamosi mchana hukaa kwenye ngazi za nyumba yetu hapa mtaani Muhumba, wakichambua maharage huku wakinisikiliza. Nawasimulia zile hadithi za zamani za Ulaya tulizozisoma shuleni, ila nazipika upya kwa mafuta ya hapa kwetu.

Mwaka jana mama yangu alirudi kutoka hospitali akiwa amepasuliwa tumbo. Daktari alinieleza mimi tu, barazani, mama hasikii, kwamba kidonda kimepona na dawa iliyobaki ni chakula. Mama hakutaka chakula. Bakuli liliingia limejaa, likatoka limejaa. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu yeyote: kwamba mama ameamua kuondoka, na kwamba hatanisubiri nimwombe abaki.

Kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja. Wamama wa shirika, yaani majirani tunaosali nao kila wiki, huja kwa kundi, wanaimba, wanasali, wanaacha sahani mezani. Nao wana sheria yao: mgonjwa haambiwi kwamba amebadilika. Hata ukimkuta amebaki mifupa, unapiga makofi na kusema, "Maman, leo uko muzuri! Uso inaangaa!" Hata mimi nilisema hivyo kila asubuhi, bakuli mkononi. Mama akageukia ukuta.

Dirisha la chumba chake liko juu ya zile ngazi, na mchana huwa wazi. Nilijua anasikia. Basi Jumamosi moja nikachagua hadithi ya msichana aliyetumwa kumpelekea bibi yake mgonjwa chakula. Nikamtoa huyo msichana hapa hapa Muhumba, nikampa sufuria ya sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, nikamwelekeza Bagira, upande wa pili wa mji, kwa miguu. Njiani mbwa mwitu akamsimamisha, akamuuliza kwa adabu nyingi anakokwenda. Alipoambiwa, akapanda pikipiki, akafika wa kwanza, akammeza bibi mzima pamoja na kitambaa chake cha kichwa.

"Bila kutafuna, tantine?" akaniuliza mimi shangazi yake yule binti wa kaka yangu ambaye mdomo wake hauna kufuli.

"Bila kutafuna. Alikuwa na haraka."

Walifurahi sana. Mbwa mwitu akajilaza kitandani, akajifunika blanketi hadi puani. Hapo ndipo kitabu cha shule kilipokosea, maana aliyekiandika hajafika Bagira. Bibi mgonjwa wa Bagira hakai peke yake muda wa kutosha kuliwa kwa amani. Mbwa mwitu hajamaliza kuvuta blanketi, hodi! Wamama wa shirika hao, kundi zima, kila mmoja na kitambaa cha shirika kichwani na sahani yake mkononi.

Wakamtazama mgonjwa. Wakaona masikio, wakaona manyoya, wakaona meno. Lakini ni watu waliolelewa vizuri.

"Maman, leo uko muzuri!" akasema wa kwanza.

"Nywele inarudia kuota," akasema wa pili. "Mpaka ku mikono!"

"Na meno! Mungu iko mukubwa. Meno mupya yote!"

Wakasali sala ndefu. Kisha wakamlisha. Mbwa mwitu, aliyekuwa na mwanamke mzima tumboni, akaletewa bugali, maharage, uji wa soya. Akakataa. Wamama wa shirika ukiwakatalia wanaongeza. "Kula, maman, kidogo tu. Hii ya Yesu. Sasa hii ya padri. Hatutoke hapa mpaka umalize."

Watoto walikuwa wanagaagaa kwa kicheko kwenye ngazi, na maharage yamemwagika. Ndipo nikasikia sauti dirishani. Nilidhani mama anakohoa, nikainuka haraka. Alikuwa anacheka.

"Na ule musichana," akauliza mama kutoka ndani, "yeye iko wapi?"

Mama hakuwa ameuliza swali lolote tangu atoke hospitali.

"Anafika sasa, maman."

"Anasema nini?"

Nilijua anachosema msichana kitabuni, kwamba macho yamebadilika, meno yamebadilika. Sikutaka neno hilo liingie kwenye kile chumba. Nilikuwa bado natafuta la kusema wakati binti wa kaka yangu alipoinuka, akakung'uta nguo yake na kuingia ndani. Nikamkimbilia. Nikamkuta kando ya kitanda, anamkagua bibi yake kuanzia kitambaa mpaka miguu.

"Koko," akasema, "umekonda sana. Mikono yako iko sawa fimbo. Hauko muzuri hata kidogo."

Nilitamani ardhi inimeze, bila kutafuna.

Mama akamshika mtoto mkono.

"Asanti, mutoto. Niliwaza watu wa hii nyumba yote wamekuwa vipofu." Akanigeukia mimi. "Nimetembelea wagonjwa miaka yote na hao wamama. Mutu mwenye atapona, tunamugombezaka: lamuka, acha buvivu! Mwenye anakufa, ule ndiye tunamuambiaka iko muzuri. Na nyinyi kila siku muzuri, muzuri. Nikajua yangu imeisha. Sasa nikule ya nini?"

Nikakaa kitandani. Adabu yetu yote ilikuwa imemsomea mama yangu kifo chake, na sauti iliyosoma kila asubuhi ilikuwa yangu. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia.

"Daktari alisema kidonda imepona! Umekonda sababu unakatala kula! Unanichokesha, maman!"

"Haa," akasema mama, akajiegemeza ukutani. "Sasa unaongea. Leta bugali. Na musiongeze sala."

Alikula matonge machache, watoto wamejazana mlangoni wakimhesabia kila tonge. Kati ya tonge na tonge akaimaliza hadithi yeye mwenyewe. Mbwa mwitu alimtapika bibi, kitambaa na vyote, akatoka mbio bila kuaga mpaka mji wa Sange huko mbali, na akiona kitambaa cha shirika hata leo anapaza sauti kwamba ameshiba.

Sasa mama ana mashavu, na Jumamosi anakaa nasi kwenye ngazi, akilalamika kwamba watu wangu wanaliwa upesi mno. Lakini desturi ya asubuhi hatujaiacha. Naingia na bakuli, namtazama vizuri, namwambia, "Maman, leo uko mubaya kabisa." Naye ananyoosha mikono kulipokea bakuli.