Kilio Nilichokiandika Mwenyewe

Ninawalaumu mapadri kidogo, ingawa najua si haki. Wangeniachia katekisimu peke yake, nisingefika nilikofika. Lakini nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya misheni ya Kasongo, Kifaransa kilikuwa kimenipanda kichwani, na padri mzee aliyetunza maktaba aliniona mtu wa maana. Akaniazima vitabu vya kale vya kwao, vyenye majalada ya ngozi na harufu ya ukungu. Nikavimaliza kimoja baada ya kingine.

Vitabu vile vyote vilikuwa na ugonjwa mmoja: hakuna aliyempenda mwenzake bila kumdanganya kwanza. Bwana alivaa nguo za mtumishi ili amchunguze mchumba. Mume alijificha nyuma ya pazia asikie mkewe atasema nini. Kijana mmoja alituma habari kwamba amekufa, akasikiliza kilio cha mpenzi wake kutoka chumba cha pili, na alipokwisha kuridhika akatokea. Msichana akazimia, akazinduka, akamkumbatia. Hakuna aliyemwuliza kwa nini alifanya vile. Mimi nikaona huo ndio ustaarabu, na kwamba sisi wa huku, wa kutuma wazee na mbuzi, hatujui mapenzi ni nini.

Nilikuwa na mchumba Kabambare, binti wa katekista. Posa ilikwisha kupokelewa, na ndoa ya kanisani ilingoja mvua ziishe. Nilimwona mara mbili tu kwa mwaka, kwa maana bila karatasi ya Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, mtu hakutoka eneo moja kwenda jingine. Basi siku moja dereva wa lori la pamba akanitania. Aliniambia kuna karani wa pamba, mwenye gramafoni, anayependa sana kupumzika mbele ya nyumba ya katekista. Alikuwa anacheka alipokuwa akisema. Mimi tangu saa ile nikaanza kumchukia msichana ambaye hakunikosea lolote.

Nikachukua karatasi ya shule. Nikaandika kwa mwandiko wa kulala, usiofanana na wangu, nikijifanya mwalimu mwenzangu asiyejulikana kule: mkwe wenu alishikwa na homa, amekufa, tumekwisha kumzika, poleni. Nilijisifu kwa zile sentensi, Mungu anisamehe. Hata nilifuta neno moja nikaweka lingine la kuhuzunisha zaidi. Dereva akaipeleka barua bila kujua amebeba nini, nami nikaomba ruhusa ya kusafiri.

Hesabu yangu ilikuwa hii: msichana atalia siku chache, peke yake, chumbani, kama wale wa vitabuni. Kisha nitatokea na baiskeli yangu. Sijui nilikuwa nimezaliwa wapi hata nikasahau kwamba kwetu hakuna mtu anayelia peke yake.

Nilianza kuelewa njiani. Ilikuwa asubuhi ya siku ya pili, bado saa chache nifike, nikawapita wanawake wanne waliotoka upande wa vijiji vya Wamaza. Walikuwa na vikapu vya mihogo kichwani na jogoo aliyefungwa miguu.

"Poleni na safari, bamama. Munaenda wapi na mizigo yote hii?"

"Tunaenda ku kilio, baba," akajibu aliyekuwa mbele. "Mukwe wa katekista amekufa kule Kasongo. Alikuwa mwalimu, kijana tu. Ule mutoto mwanamuke anatuhurumisha sana, hata maji hanywe."

Pale ndipo nilipotakiwa kushuka baiskeli, nipige magoti vumbini, niseme ni mimi. Nikasema, "Poleni, bamama." Nikawapa pole kwa ajili yangu mwenyewe, nikaendelea kukanyaga pedali.

Katekista alikuwa ameisoma barua kwa sauti mbele ya watu wote, Jumapili baada ya sala. Ngoma ya mti ikapigwa, vijiji vikapokezana habari. Nilipofika, ua ulijaa watu. Walilala pale pale kwenye mikeka kwa siku tatu, mashamba yao yakisubiri. Mbuzi wawili walikwisha kuliwa. Na kwa kuwa mwili wangu ulikuwa mbali, walichimba shimo dogo nyuma ya nyumba, wakazika shati nililomwachia mchumba wangu anishonee kola.

Hakuna aliyezimia kwa uzuri. Watu walikimbia. Wengine waliingia mihogoni, bibi mmoja akanirushia majivu ya jikoni usoni. Aliyenijia ni mama mkwe. Yule mama, kwa heshima, alikuwa hajawahi kuniangalia usoni. Tukikutana njiani alipinda pembeni na mimi nikainama. Siku ile alinishika mashavu kwa mikono yake miwili, akanipapasa paji la uso na masikio, aone kama nina joto. Kisha akagundua amefanya nini, akajifunika kitenge akakaa chini akilia.

Mchumba wangu akatoka mlangoni. Walikuwa wamemnyoa nywele zote, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Tulitazamana kidogo tu, akarudi ndani.

Nikaitwa mbele ya wazee. Katekista alikuwa ameishika ile barua.

"Nani aliandika hii?"

"Sijui, Baba. Labda adui."

Ndiyo, nilisema hivyo. Ningeshikilia hapo hapo, ila mjomba wa msichana akasema basi kosa ni la dereva, apelekwe kwa chifu, na chifu ampeleke kwa muzungu akapigwe fimbo. Watu wakaitikia. Dereva alikuwa na watoto sita na hakuwa na kosa ila mdomo wake. Hapo nikasema ni mimi. Sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa kuwa nilijua lazima watamwuliza barua alipewa na nani, na itajulikana.

"Sababu gani, mutoto yangu?"

"Nilitaka kujua kama ananipenda."

Nikaongeza upumbavu juu ya upumbavu, nikawaeleza kwamba katika vitabu vikubwa vya Ulaya ndivyo wapenzi wanavyofanya. Mzee mmoja akakuna kidevu chake.

"Wale wazungu wako na bahati," akasema. "Hawana wakwe."

Wachache walicheka, nami nikatamani wanizike pamoja na lile shati.

Hata hivyo walinihurumia. Wazee walijitenga, wakarudi na neno. Nitatoa mbuzi wa kuosha kilio. Shati litafukuliwa, lifuliwe mtoni, na nitapita kwa kila aliyenililia, mmoja mmoja, nikimwomba radhi. Katekista mwenyewe alinitetea. "Huyu ni mutoto," alisema, "tumuazibu, tumurudishe." Nilianza kupumua. Nikaona ndoa ipo, mchumba ninaye, aibu nitaimeza kidogo kidogo hadi iishe.

Ikabaki kumwuliza yeye. Akaletwa na shangazi yake, akasimama mbele ya baba yake bila kuniangalia.

"Baba, mambo ya barua nimemusamehe," akasema taratibu. "Lakini mimi nilimwona. Pale nilipotoka, aliona kichwa changu hakina nywele, akacheka."

Ilikuwa kweli. Nimewasimulia watu habari hii mara nyingi, na kila mara niliruka hapa. Nilipomwona amenyolewa, amekonda, kitu cha kwanza kilichoniingia moyoni hakikuwa huruma wala toba. Kilikuwa furaha. Kumbe ananipenda! Na ile furaha ilifika mdomoni kabla sijaizuia.

Baba yake akanigeukia. Uso wake ulikuwa umejaa uchovu, na niliona wazi kwamba alitaka nikatae. Ningekataa, angeniamini mimi, na ndoa ingebaki.

"Ni kweli, mwalimu?"

Msichana naye akaniangalia, mara ya kwanza tangu mlangoni. Nikamjibu baba yake kwamba ni kweli, nikaenda kuchukua baiskeli yangu.